Shajara ya Roadster: kununua gari la michezo kwenye mnada wa mtandaoni wa Japani

Siku ya 1

Fedha imetimia, na leo nimefungua daftari hili. Natafuta Mazda Roadster ya kizazi cha pili, ile ambayo nje ya Japani wengi wanaijua kama MX-5, na nitainunua kwenye minada ya Japani kupitia wakala. Maana yake nitalipia gari ambalo sijalishika, sijalisikia likiunguruma, na liko ng'ambo ya bahari. Naandika kila hatua ili nikikosea nijue nilikosea wapi, na mwingine atakayepita njia hii apate pa kuanzia.

Kwa nini Roadster? Ni gari dogo la viti viwili, lina uzito wa tani moja na kidogo, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na fundi anayejua injini ya kawaida ya petroli hatashangaa akifungua boneti. Lilioneshwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, na ilipofika 2016 kiwanda kilikuwa kimeshatengeneza milioni moja, kwa hiyo vipuri bado vinapatikana. Kizazi cha pili kiliingia sokoni 1998 kikaisha 2005. Taa zake hazijifichi tena ndani ya boneti, na dirisha la nyuma la paa la turubai ni kioo, si plastiki. Kwenye karatasi za Japani namba ya chasisi yenyewe inakuambia injini: NB6C ni lita 1.6, NB8C ni lita 1.8. Mimi nataka NB8C ya gia za mkono.

Siku ya 3

Hesabu. Nimeifanya kinyumenyume, na nadhani ndiyo njia pekee iliyo salama. Sikuanza na bei ya gari nikajumlisha gharama. Nimeanza na fedha yote niliyo nayo nikawa natoa: ushuru wa forodha, gharama za bandarini, nauli ya meli na bima yake, usafiri wa kulitoa uwanja wa mnada hadi bandari ya Japani, ada ya mnada, ada ya wakala, usajili. Kisha nikatoa fungu la matengenezo, sehemu moja katika saba ya fedha yote, ambalo nimejiapiza kutoligusa. Kilichobaki ndicho kikomo cha dau langu. Ni nusu tu, na kidogo juu yake. Iliniuma, maana kichwani nilikuwa nimeshanunua gari la bei kubwa zaidi.

Kabla ya hayo yote niliandika barua forodha kuuliza kama gari la umri huu linaruhusiwa kuingia, na ushuru wake unakokotolewa vipi. Nchi nyingine zina kikomo cha umri wa gari na hazitazami uzuri wake. Jibu limekuja kwa maandishi, linaruhusiwa. Nimelichapa na kulibandika ndani ya jalada la daftari.

Siku ya 6

Nimekwenda kwa shemeji, fundi wa bodi kwa miaka mingi. Nilimwonesha picha za Roadster nyekundu iliyokuwa inang'aa hata kwenye simu. Hakuzitazama kwa muda mrefu.

"Shemeji, wewe unaangalia rangi. Rangi nitakupigia mimi kwa siku mbili. Angalia maji yanapita wapi."

Akachukua kipande cha boksi akachora. Maji ya mvua yanayoteremka kwenye paa la turubai huingia kwenye mfereji nyuma ya viti. Kutoka hapo kuna matundu mawili, moja kila upande, yanayoshuka ndani ya bodi na kumwaga maji mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Gari likilala chini ya mti, majani yanaoza humo na tundu linaziba. Maji yakikosa pa kutokea yanaingia ndani ya kizingiti, lile boksi la bati linalopita chini ya mlango, yanatuama humo miezi na miaka. Kutu inaanzia ndani. Siku utakapoona rangi imevimba kama punje ya harage karibu na gurudumu la nyuma, bati la ndani halipo tena.

Halafu akachora mbele. Kizazi cha pili kina bati la ziada la kuimarisha ndani ya zile boriti mbili za chasisi zinazoshika injini na miguu ya mbele. Maji na tope vikiingia kati ya mabati hayo havikauki. "Kizingiti naweza kukukatia nikakuchomea kingine," alisema. "Boriti ya mbele ikiliwa, hilo gari liache huko huko."

Boksi lile nimekuja nalo nyumbani.

Siku ya 11

Leo nusura nipoteze muda mwingi, na pengine fedha. Nilikuta tovuti iliyojiita mnada, Roadster ya 2002 kwa bei iliyo chini ya nusu ya nilizoziona kwingine, na saa ya kuhesabu muda inarudi nyuma: zimebaki dakika 47. Mwili ulichemka kabisa. Nilisimama, nikaenda kunywa maji, nikarudi na kuzitazama picha moja moja.

Picha ya nje ilionesha usukani uko kulia. Picha ya ndani, usukani uko kushoto. Ni magari mawili tofauti. Nikazipitisha picha kwenye utafutaji wa picha, nikakuta ile ya nje kwenye tangazo la muuzaji mwingine kabisa, gari lilishauzwa zamani. Namba ya chasisi hawakuiandika popote, na nilipoiomba walijibu kwamba itatolewa baada ya malipo ya awali. Ile saa, nilipoitazama tena jioni, ilikuwa imeanza upya kwenye gari lile lile.

Tangu leo nimeweka sharti: bila namba ya chasisi siendelei na mazungumzo.

Siku ya 14

Wakala. Nimeongea na wanne. Wa kwanza alikuwa tayari kunitumia tafsiri ya karatasi ya mnada lakini si karatasi yenyewe. Nimemwacha. Tafsiri anaandika anayetaka kuuza. Karatasi ameandika mkaguzi wa mnada ambaye hanijui wala hapati chochote nikinunua. Wa pili alitaka nilipe kwenye akaunti ya mtu binafsi. Wa tatu hakuwa na ubaya, ila ada yake ilikuwa asilimia ya bei ya gari, na sitaki mtu anayepata zaidi kila dau linapopanda.

Nimemchukua wa nne. Ada yake haibadiliki, ananitumia karatasi halisi na namba ya gari kwenye mnada, amana inarudi nisiponunua, na haongezi dau juu ya kikomo nilichoandika. Kampuni nimeitafuta kwenye daftari la usajili la Japani, na jina la kwenye akaunti ya benki ni lile lile. Tumeongea kwa video nikaiona ofisi. Namba yao ya simu nimeiandika kwa kalamu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari hili.

Siku ya 17

Siku nzima nimejifunza kusoma karatasi ya mnada. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu karatasi hii ndiyo macho yangu.

Kona ya juu kulia kuna daraja. S na 6 ni karibu mpya. 4.5 na 4 ni gari lililotumika na kutunzwa. 3.5 lina mikwaruzo na mabonyeo yanayoonekana. R au RA ni gari lililowahi kukarabatiwa baada ya ajali. Chini yake kuna herufi ya hali ya ndani, A ikiwa bora. Halafu kuna mchoro wa gari kama limekunjuliwa, umejaa herufi na namba. A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni mahali palipokarabatiwa na alama bado ipo, XX ni kipande kilichobadilishwa. S ni kutu, inatokana na neno la Kijapani *sabi*, na C ni kutu iliyokwisha kula bati. Namba inayofuata ni ukubwa: A1 huioni mpaka uinamie, A3 unaiona ukiwa mbali.

Mwaka umeandikwa kwa hesabu ya zama za wafalme wao. H13 ni mwaka wa 13 wa Heisei. Unajumlisha 1988 unapata 2001. Na huo ni mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza. Gari linaweza kuwa lilitoka kiwandani mwaka uliotangulia, na kama forodha yako inahesabu mwaka wa kutengenezwa, tofauti hiyo inakugharimu.

Jambo ambalo watu wengi hulikosea ni maana ya ajali. Wajapani wana neno, *shufukureki*, historia ya ukarabati, na linahusu mifupa ya gari tu: boriti, nguzo, sakafu. Madigadi ya mbele, mlango na boneti vinafungwa kwa bolti, vikibadilishwa havihesabiwi. Kwa hiyo gari linaweza kugongwa madigadi, likabandikwa XX, na bado likabaki na daraja 4 bila uongo wowote. Ukiona XX, usikimbie. Tazama tu vipande vinavyopakana nayo vina nini.

Kona ambayo watu huiruka ni ile ya maandishi ya mkono ya mkaguzi, Kijapani kitupu, mara nyingi kwa haraka. Nimepata dada mmoja mfasiri, namlipa kwa kila karatasi. Ameshanifundisha kulitambua neno *shitamawari*, yaani upande wa chini wa gari. Likifuatana na *sabi*, gari lina kutu tumboni.

Siku ya 19

Gari la kwanza la kweli. Jekundu, daraja 4, ndani B, kilomita 52,000. Mchoro karibu mtupu. Nilishaanza kumwandikia wakala aweke dau. Kisha dada mfasiri akanitumia mstari wa chini: *shitamawari sabi*. Mnada wenyewe uko Sapporo, Hokkaido, ambako majira ya baridi ni marefu na barabara humwagiwa chumvi za kuyeyusha barafu. Daraja 4 halikuwa limesema uongo. Lilikuwa linaongelea hasa yale yanayoonekana juu.

Nimeliacha. Nilitaka sana.

Siku ya 26

Gari la pili, la buluu, mnada wa Nagoya. Kila kitu kizuri, dau letu likafika kikomo na mtu akatupita. Wakala alikuwa ameniandikia usiku kama niko tayari kuongeza kidogo, maana kila gari hunadiwa kwa sekunde chache tu na hakuna muda wa kuulizana katikati. Nilimjibu hapana. Kidogo hicho kingetoka kwenye fungu la matengenezo, hakuna kwingine.

Asubuhi nilipoona bei ambayo gari liliuzwa, tofauti ilikuwa ndogo kuliko nauli ya meli. Nimebaki na kinyongo siku nzima.

Siku ya 33

Hakuna gari wiki hii. NB6C tatu, na NB8C moja ya gia otomatiki.

Siku ya 40

Tumepata!

Rangi ya fedha, H13, NB8C, gia za mkono za kasi sita, daraja 3.5, ndani C, kilomita 87,214. Mnada uko Fukuoka, kusini. Karatasi yake haivutii hata kidogo. Mchoro umejaa A1 na A2 na U1, madigadi ya mbele kushoto XX, na mkaguzi ameandika kwamba paa la turubai limechakaa, usukani umechakaa, betri dhaifu. Lakini hakuna S popote kwenye mchoro, hakuna C, na hakuna neno lolote kuhusu tumbo la gari.

Kwa daraja kama hili sikutaka kuamini karatasi peke yake. Nilimlipa mtu wa wakala aende uwanjani siku moja kabla ya mnada akapige picha ninazozitaka mimi: vizingiti vyote viwili kwa kulala chini, boriti mbili za mbele, mfereji wa nyuma ya viti, namba ya chasisi iliyogongwa kwenye ukuta wa bati kati ya injini na watu, na msimbo wa kila tairi. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tatu zilikuwa za mwaka mmoja, moja ya mbele kushoto ni mpya zaidi. Upande ule ule wa madigadi ya XX. Kwa hiyo liligongwa hapo, likabadilishwa madigadi na tairi. Shemeji alizikuza picha za boriti ya kushoto mpaka zikawa vumbi la rangi, akatafuta mkunjo au weldi isiyo ya kiwandani. Hakuona.

"Hili chukua," alisema. "Limechakaa kwa kuendeshwa, si kwa kulazwa."

Dau limesimama chini ya kikomo, kwa sababu wengi waliona 3.5 na C wakapita. Nimetetemeka mikono, sioni aibu kuandika hivyo.

Siku ya 42

Ankara ilikuja jana kwa barua pepe, nikapanga kulipa leo. Leo asubuhi ikaja nyingine. Nembo ile ile, jina la gari, namba ya chasisi sahihi, kiasi sahihi mpaka tarakimu ya mwisho. Inasema akaunti ya kawaida iko kwenye ukaguzi wa mwaka, tafadhali lipa kwenye hii mpya, na malipo yafike ndani ya saa 24 la sivyo mnada utatoza faini.

Kila kitu kilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonitisha. Niliiweka anwani ya mtumaji juu, ya zamani chini, nikakuza maandishi. Jina la kampuni lina m katikati. Kwenye barua mpya haikuwa m. Zilikuwa r na n zimesimama karibu karibu. Kwa ukubwa wa kawaida wa simu, jicho haliwezi kuzitofautisha.

Sikujibu barua. Nilifungua ukurasa wa kwanza wa daftari, nikapiga ile namba niliyoiandika kwa kalamu siku ya 14. Wakala alinyamaza muda mrefu, kisha akasema hawajabadilisha akaunti yoyote. Mtu alikuwa ndani ya barua pepe, yao au yangu, anasoma tangu siku nyingi, akasubiri siku ya malipo. Nimebadilisha nywila zangu zote na kuwasha uthibitisho wa hatua mbili. Wao wanasafisha kwao.

Siku ya 43

Nimelipa kwenye akaunti ya mkataba wa kwanza. Nilituma kwanza kiasi kidogo sana, nikasubiri mpaka wakala mwenyewe akanisomea kwa simu kiasi alichokipokea, ndipo nikatuma kilichobaki. Benki ilinitoza ada mara mbili. Sijutii.

Siku ya 58

Gari limetolewa uwanja wa mnada limefika bandarini. Wakala amenitumia picha ya dashibodi: 87,221. Ni kilomita saba tu tangu karatasi ya mnada. Niliomba pia cheti cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari nje, kwa sababu kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa serikali ya Japani huwa zimeandikwa humo. Gari binafsi kule hukaguliwa miaka mitatu ya kwanza ikiisha, kisha kila miaka miwili. Cheti kinasema 85,900. Cheti, karatasi na dashibodi vinapandana kwa mpangilio unaoeleweka. Kwa hili naweza kulala.

Jambo la kukumbuka: muda wa kulalamika kwa mnada ni mfupi mno, na ukipita hakuna wa kumlilia. Ndiyo maana nilisisitiza wakala aliwashe na kulikagua siku lilipotoka, asingoje meli.

Siku ya 64

Limepanda meli ya kubebea magari. Hati ya shehena imekuja, namba ya chasisi nimeilinganisha herufi kwa herufi. Kosa la herufi moja hapo ni siku nyingi za kulipia uwanja bandarini.

Siku ya 103

Limefika. Forodha imechukua siku nne, kiasi kilikuwa kile kile cha kwenye barua niliyoibandika jaladani. Betri ilikuwa imekufa kabisa. Iko kwenye buti, si mbele, na vijana wa bandarini walifungua boneti wakaitafuta kwa muda. Tulibadilisha, injini ikashika mara ya pili.

Siku ya 105

Shemeji amekuja na boksi lake la mchoro. Mkanda wa taimingi, ule unaoendesha vali za injini, atabadilisha wiki ijayo bila kusubiri kilomita 100,000, maana hakuna karatasi inayosema uliwahi kubadilishwa. Fungu la matengenezo lipo, halijaguswa.

Leo kazi ilikuwa moja. Tulilaza paa, nikashika chupa ya maji, yeye akalala chini nyuma ya mlango wa kulia. Nikamimina taratibu kwenye tundu. "Yanakuja," akasema. Tukazunguka upande wa kushoto. Nikamimina. Kimya. Maji yakapanda kwenye mfereji, yakasimama.

Alikata kipande cha waya laini wa breki ya baiskeli, akakunja ncha isije ikachana kitu, akaupitisha polepole, akazungusha, akavuta. Ulitoka na tope jeusi na sindano za msonobari zilizooza, za mti wa huko gari lilikotoka. Akaupitisha tena mara mbili. Kisha akarudi kulala chini, akaniambia nimimine, nami nikamimina chupa nzima.

"Yanakuja, shemeji. Meupe."